Rangi ya Kucha Nyuma ya Amplifaya

Nilitubishwa mbele ya kanisa zima kwa sababu ya tone moja la rangi ya kucha. Watu wa rika langu huniambia ni mambo ya zamani, niyaache. Siyaachi. Nimezeeka na bado yananikera.

Nilikuwa fundi wa redio pale soko la Kalamba, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Watu walikuwa wakiingia dukani, wananikuta nimeshika chuma cha kulehemu, na bado wananiuliza fundi ameenda wapi. Ufundi nilifundishwa na baba, aliyekuwa akitengeneza redio za madereva wa malori kule Mtito Andei. Alipofariki aliniachia mita yake ya kupimia umeme, bisibisi tatu, na valvu mbili kubwa, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, alizozifunga ndani ya soksi ya sufu zisije zikavunjika. Wenye redio pale Kalamba waliendelea kuzipeleka mbali kwa mafundi wanaume. Nilijua kwamba nisipopata kazi moja itakayoonwa na kila mtu, nitafunga duka nirudi kulima.

Kazi hiyo ilikuja. Kanisa letu lilikuwa limepata amplifaya ya gitaa kutoka kwa bendi ya dansi iliyovunjika. Wazee wa kanisa waliiombea kutwa nzima ili nyimbo za baa zitoke ndani yake. Waliombea hata waya. Maombi yalipoisha ilikuwa bado inakoroma, kwa sababu valvu zake zilikuwa zimechoka, na valvu haijui kuombewa. Mpiga gitaa wa kwaya akawaambia wazee kwamba fundi yuko papa hapa, anaimba sauti ya pili. Walinikabidhi shingo upande, kwa vile ibada ya mavuno ilikuwa imekaribia na wageni wangekuja kutoka hata Matinyani.

Nilizitoa valvu za baba kwenye soksi nikaziweka. Lakini valvu mpya huziwashi tu ukaenda zako. Kuna mkondo unaopita ndani yake hata gitaa likiwa kimya, na huo ndio baba alikuwa akiuita bayasi. Ukiwa mdogo mno, sauti inakwaruza. Ukizidi, valvu inajipika yenyewe. Inatakiwa ikae kama jiko la mkaa ulilofunga mlango wake wa chini, lina moto lakini chakula hakiungui. Nilifanya kazi hiyo kanisani, jenereta ikinguruma, maana umeme wa jenereta ndio ungetumika siku yenyewe. Niliwasha, nikangoja valvu zipate joto, nikapima. Mita ilisoma miliampu hamsini. Nikazungusha skrubu ndogo iliyo nyuma, kidogo, kidogo tena, nikangoja, nikapima upya, mpaka zote mbili zikatulia kwenye thelathini na tano. Mpiga gitaa alipogusa waya wa kwanza, alicheka peke yake.

Halafu nikafanya kile baba alichokuwa akifanya kila mara. Skrubu kama ile ikitetemeshwa na sauti huzunguka yenyewe, kwa hiyo baba alikuwa akiifunga kwa tone la rangi ya kucha. Kichupa chake, nilichokikuta kwenye vyombo vyake, kilikuwa chekundu sana. Alipewa na mhudumu wa baa pale Mtito Andei kama shukrani ya redio. Nikadondosha tone moja juu ya skrubu, likakauka. Kwetu mwanamke aliyeokoka hakupaka kucha, na mimi sikupaka. Haikunijia hata kidogo kwamba skrubu nayo ilikuwa imeokoka.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Sisi kwaya tulisimama nyuma ya amplifaya, kwa hiyo niliiona mgongo. Wimbo wa kwanza sauti ilikuwa nene kupita ile niliyoiacha. Nikatazama valvu. Bamba la ndani, ambalo linatakiwa kuwa jeusi, lilikuwa limeanza kuwa jekundu kama chuma cha mhunzi. Nilitoka kwenye safu niende kuizima. Mzee mmoja wa kanisa, yule aliyekuwa akisimamia usafi na kukagua urefu wa sketi zetu, alinishika mkono.

"Mwiitu, rudi kwa laini. Wageni wanaona."

Nikarudi. Hapo ndipo hasira yangu inapolala mpaka leo, na nusu yake ni yangu mwenyewe. Mikono yangu ilijua la kufanya, valvu za baba zilikuwa zinaungua hatua nne mbele yangu, na mimi nikarudi kwenye laini kwa sababu mzee aliniita mwiitu, yaani binti. Nikaendelea kuimba. Katika ubeti wa tatu transfoma ilitoa moshi, gitaa likakatika, na watu wakageuka wakanitazama mimi.

Baada ya ibada niliifungua mbele ya wazee. Tone langu halikuwepo. Vipande vyekundu vilikuwa vimelala chini ndani ya boksi, na kichwa cha skrubu kimekwaruzwa. Nikauliza nani ameigusa. Mzee wa usafi hakujificha, hilo namkubalia.

"Ni mimi, jana tukiosha kanisa. Nilipata rangi ya wanawake wa baa ndani ya nyumba ya Mungu, nikaitoa na kisu."

Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Niliwaeleza kwamba kisu ndicho kilichozungusha skrubu, nikawaonyesha alama, nikataja mita na miliampu. Ningekuwa naongea na benchi ingekuwa yaleyale. Walichotaka kujua ni mwanamke aliyeokoka amepata wapi rangi ya kucha. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele nikatubu kama walivyoniamuru, nikidhani nikitubu wataniletea redio. Hawakuleta. Walisema mkono wa mwanamke ndio uliounguza amplifaya. Nikafunga duka, nikahamia Mtito Andei, nikakodi chumba karibu na kituo cha petroli, na huko madereva waliniletea redio bila kuniuliza fundi yuko wapi.

Miaka mingi ikapita. Siku moja mchana mzee alisimama mlangoni na redio chini ya kwapa, akauliza fundi ameenda wapi. Nilimtambua kabla yeye hajanitambua, ni yule mzee wa usafi. Alikuwa safarini kwenda Mombasa kwa mwanawe, redio ikamfia njiani, na bila redio angekosa matangazo ya vifo vya kwao. Nilimwambia fundi ni mimi, akae. Alipokaa ndipo akanitazama vizuri, akashusha macho.

Ilikuwa waya tu umeachia. Niliulehemu, redio ikasema. Kisha nikafungua droo, nikatoa kichupa kingine cha rangi, nyekundu ileile, nikapaka skrubu moja ndani ya redio yake ambayo haikuhitaji kupakwa chochote. Nilipaka tone kubwa. Nikamgeuzia alione.

"Mzee, hii usitoe."

Alilitazama mpaka likakauka. Nilingoja neno moja tu kutoka kwake. Alifunga redio kwenye kitambaa, akaishika kwa mikono miwili, akaenda zake stendi.