Mlenda wa Ghorofa ya Chini

Moyo wa mume wangu Bayumi haupigi kama mioyo ya watu. Unadunda, unasita, unaruka, unakimbia. Dakta Mirvat alituambia kwamba moyo wa namna hiyo huifanya damu igande ndani yake, na bonge likipanda kichwani, ndiyo kiharusi. Kiharusi nakijua. Kilimpitia shemeji yangu Shafik: mdomo umekwenda upande, na akitaka maji anaonyesha kwa kidole.

Basi tukapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, nikawa nammezesha mwenyewe kila jioni. Dakta akasema pia kuwa mboga za majani, hasa mulukhiya, mlenda wetu, zinashindana na kidonge hicho. Aliendelea kusema, lakini mimi nilikwishasikia ya kunitosha. Mlenda marufuku! Mtu wa Tanta, hapa kwetu Misri, umnyime mlenda na sungura? Afadhali umvue kanzu sokoni.

Bayumi akanyamaza. Hapo ningepaswa kushtuka. Kinyozi aliyewachosha wateja kwa maneno maisha yake yote, leo anyamaze?

Kipimo kikatoka: damu inaganda upesi mno. Dakta akaongeza dawa. Tukapima tena, yaleyale.

"Baba, vidonge unavitupa?" dakta akamuuliza Bayumi.

"Avitupe wapi?" nikaja juu. "Mimi ndiye ninayemmezesha!"

Bayumi akatazama dari, mtakatifu kabisa.

Jumanne moja naanika nguo, nikasikia kutoka jikoni kwa Tahiya, mjane wa ghorofa ya chini: "Haaah!" Kwetu, mpishi anapomimina kitunguu saumu cha kukaanga kwenye mlenda, lazima avute pumzi hivyo, kama aliyemfumania mumewe, la sivyo mlenda hauna ladha. Sasa mjane aishiye peke yake anamhemea nani? Na wangu si kaaga anakwenda msikitini?

Nikateremka na vibanio vya nguo mkononi. Nikamkuta Bayumi, kijiko hewani, masharubu ya kijani.

"Haaah!" nikasema, na wala sikuwa napika.

"Mama Wagdi," Tahiya akababaika, "kaniambia umemtuma wewe. Eti siku hizi mkono wako wa mapishi umeharibika."

"Mkono wangu? Mzee huna haya! Ingekuwa mwanamke, ningekupiga tu yakaisha. Lakini hili! Unataka ulazwe kando ya Shafik, niwalishe wote wawili?"

Nikaangua kilio pale pale, mbele ya Tahiya, aibu iliyoje.

Kesho yake nikamburuta kwa dakta, nikamwaga yote. "Kuanzia leo hata jani hatanusa!" nikaapa.

"Mama, ngoja!" Dakta Mirvat alibadilika uso. "Dawa nimeipandisha kwa sababu ya mlenda aliokuwa akila kwa siri. Ukimkatia ghafla, atatokwa na damu hata akipiga mswaki. Siku ile hukunisikiliza hadi mwisho. Sikukataza. Nilisema ale kiasi kilekile kila wiki, nami nitapima dawa kufuata chakula chake."

Nikamgeukia Bayumi. Yeye alitaka kujiua kwa ulafi, nami nilikuwa njiani kummaliza kwa ukali.

Ijumaa nikapika. Nikahema mpaka Tahiya akasikia chini. Nikampakulia bakuli moja, kama tulivyokubaliana na dakta.

"Hili bakuli la paka?" akaanza. "Na kitunguu saumu kiko wapi? Mama yangu alinionya nisioe kwenu! Tahiya angalau anajaza..."

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikautazama mdomo ule ukilalamika, kulia na kushoto, pande zote mbili sawasawa.

"Endelea," nikamwambia. "Sema tena."