Siku Kijito Kilipoonekana Kimejaa

Asubuhi ile tulikuwa watano kwenye kijito: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, prezida wa komite ya maji, fundi wa kike wa kupima maji aliyetoka mjini, na mama mjane anayetega migono, mitego yake ya kambale, kijitoni chini ya mdomo wa mfereji wetu. Mama huyo ndiye aliyetulisha samaki mwaka mzima wazazi wetu walipokufa, nami nikaacha shule ili nishike shamba la mpunga.

Fundi alisimamisha fimbo ya kupimia pale kambale wanapotaga. Sikumwamini. Nimeona watu wa buti wakija kupima, kisha mashamba yakahamia mikono mingine.

"Dada, hiyo fimbo inapima samaki ao mashamba yetu?"

"Inapima maji, kaka. Tukijua samaki wanahitaji kiasi gani, tutajua mifereji ichukue kiasi gani."

Nilichosikia mimi ni kwamba watatupunguzia zamu ya maji. Hilo nililiogopa tangu mapema. Kabla hawajafika, nilikuwa nimeziba mdomo wa mfereji, kule juu kwenye kona pasipoonekana, kwa udongo na vigogo vya migomba, kama tunavyofanya zamu yetu inapokwisha. Nilitaka aone maji mengi, atuache.

"Mfereji wenu iko wazi?" akauliza.

"Iko wazi."

Mdogo wangu akatazama chini.

"Leo mto umeshiba!" mama mjane akasema. "Nani ameulisha?" Alikuwa akiangalia mikono yangu, udongo haujakauka.

Prezida akacheka. "Mama, weye hata maji yakijaa unaleta mashitaka!"

Mama akainama kukagua migono yake.

Fundi aliandika kwamba mifereji ikiwa wazi, samaki bado wana maji ya kutosha na mengine yanabaki. Kwa hayo yaliyobaki, komite ikaruhusu mfereji wa pili, juu ya wetu. Kiangazi kilipofika, pale pa kutagia palikuwa matope. Maji hayakutosha mifereji miwili, zamu yetu ikakatwa nusu. Migono ya mama ilining'inia kwenye uzio wake, mikavu.

Nilimpelekea mchele. Aliupokea kwa mikono miwili. "Aksanti, mwanangu. Lakini miye nilikuwa nawapa samaki."

Fundi atarudi kupima tena. Mdogo wangu anasema nikikiri, komite itatunyang'anya hata hiyo nusu, na wadogo wengine watakula nini? Sijakiri bado. Kila nikipita kwenye uzio ule nasalimia, mama anaitika, na samaki wake wa mwaka mzima bado nadaiwa.