Safari ya Tatu ya Benki

Kanzu ile ilikuwa ya Ijumaa, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mwanamvua alisimama mlangoni akimtazama mumewe, Mikdad, akijipaka mafuta ya udi na kuchana ndevu mbele ya kioo.

"Unakwenda wapi, Baba Jasmin?"

"Benki. Yule mwalimu wa Kifaransa bado wanamzungusha."

Mwalimu huyo ni Esha, Mngazija aliyekuja kufundisha shule moja ya Kerege, akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao. Mikdad ni mjumbe wa mtaa, na mgeni anayetaka barua ya utambulisho lazima apitie kwake. Barua haikumuudhi Mwanamvua. Kilichomuudhi ni kwamba ilishaandikwa, ikagongwa muhuri, na bado Mikdad akawa anamsindikiza mwenye barua. Safari ya kwanza benki walitaka kibali cha kuishi nchini, Esha alikuwa amekiacha nyumbani. Ya pili, jina la kwenye kibali halikufanana na la kwenye pasipoti. Hii sasa ya tatu.

Mwanamvua mwenyewe huuza vitumbua asubuhi, mchana hushona foronya, na pesa zake hutumbukiza kwenye kibubu. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, Mikdad hakuwahi kumwambia twende benki.

Ushahidi hakuwa nao, na hilo ndilo lililomtia aibu. Alichoona ni mumewe kusimama nje ya uzio akicheka na Esha, kicheko kilekile alichokuwa nacho zamani alipokuwa akija kwao Mbegani kuposa. Ndani ya nyumba hakijasikika siku nyingi.

Akavaa baibui, akakodi bajaji, akamfuata.

Aliwakuta benki wameketi benchi moja, bahasha ya Esha katikati yao. Akaiinua ile bahasha, akaketi yeye mahali pake.

"Shikamoo, dada," Esha akasema, uso umemkunjuka. "Afadhali umekuja. Mshahara wangu wa miezi miwili umekwama shuleni, hawalipi mkononi. Leo wakinirudisha tena sijui nitakula nini."

"Marahaba," akajibu Mwanamvua, macho kwa mumewe. Mikdad alikuwa akitazama feni.

Esha alipoitwa, Mikdad naye akanyanyuka. Mwanamvua akamvuta kanzu.

"Kaa. Kiswahili anakijua."

Akakaa. Walimwona Esha akitoa pasipoti, kibali kilichosahihishwa, barua ya mwajiri na ile ya mtaa, kisha akitia saini karatasi moja baada ya nyingine. Alirudi ameshika kwa mikono miwili kikaratasi chenye namba ya akaunti, machozi yamemlengalenga.

Mwanamvua alijaribu kumchukia, ikashindikana. Wivu lakini haukuondoka. Ulihama tu, wote ukamwangukia mwenye kanzu.

"Mimi mbona hujanileta hapa hata siku moja?"

"Hukuniomba."

"Yeye alikuomba mara ngapi?"

"Mara moja. Barua tu. Huku nimejileta mwenyewe."

Mwanamvua akaamka, akatoa kitambulisho chake cha taifa mkobani, akaenda mezani kwa yule ofisa. Mzawa hana pasipoti wala kibali cha kuhangaikia. Haikufika hata nusu saa.

"Mrithi tumwandike nani, mama? Mume?"

"Andika Jasmin. Binti yangu."

Mikdad, aliyekuwa amemfuata na kusimama nyuma ya kiti chake, akainama kuisoma fomu. "Mimi je?"

Mwanamvua akatia saini bila kugeuka.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Esha huchukua mshahara wake peke yake kwa kadi, na Mikdad amepunguza kusimama uzioni. Mwanamvua huweka pesa za vitumbua kila Jumatatu, ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu.

"Nani huyo?" Mikdad huuliza.

"Benki," humjibu, na simu huilaza kifudifudi.