Josho Lililoshinda Kikombe

Josho la ng'ombe lilikuwa chini ya boma letu huko Kalama, pale mlima unapoteremka kuelekea mtoni. Nilipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, lilikuwa bado linatumika. Ng'ombe wa kijiji kizima walipangwa foleni, wakasukumwa mmoja mmoja hadi kwenye shimo refu la saruji lililojaa maji ya dawa, wakaogelea na kutokea upande wa pili wakitiririka. Kupe walikufa na watu wakafurahi. Kisha serikali ikaacha kuleta dawa. Mlinzi wa josho akarudi kwao, mabati ya paa yakang'olewa, na shimo likabaki na tope jeusi.

Chini ya josho palikuwa na kipara cha ardhi, mahali ambapo dawa iliyochakaa ilimwagwa kwa miaka mingi kila shimo liliposafishwa. Hapakuota hata magugu. Watu wa makamo walisema dawa ya kwanza kabisa, iliyotumika kabla mimi sijazaliwa, ilikuwa kali kuliko zote zilizofuata. Udongo wa pale ulikuwa na ladha ya chumvi na mifugo waliupenda. Mbuzi wa jirani walikufa, tukasema ni ugonjwa. Halafu akafa mtamba wetu.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Athi River, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na mtamba yule ndiye aliyekuwa tegemeo letu la maziwa ya baadaye. Tulimkuta amelala ubavu pembeni mwa kipara, ulimi nje, midomo ikiwa na udongo. Mama mkwe wangu alisimama juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha akina mama waliosaidiana kuchimba mitaro mashambani. Hakulia. Alisema, "Hii udongo itatumaliza. Wacha sisi tuimalize kwanza."

Tulianza kusafisha josho baada ya mavuno. Hatukuwa na glavu. Tulijifunga mikononi mifuko ya plastiki, na mifuko ilipasuka kabla jua halijapanda. Tope lilipaswa kutolewa kwa ndoo, na mtu alihitajika ndani ya shimo kujaza hizo ndoo. Wengi wetu tulikuwa na watoto wa kunyonya. Mama mkwe akasema mwenye mtoto mgongoni hashuki, akakunja leso yake kiunoni, akashuka mwenyewe na wazee wenzake wawili. Wale wawili walichoka baada ya siku chache. Yeye aliendelea mpaka saruji ikaonekana.

Tulichimba shimo jingine, refu kuliko mtu, tukazika lile tope na kulifunika kwa udongo mzito wa mfinyanzi. Kisha tukabeba udongo mwekundu wa vichuguu kwa viondo, mgongo baada ya mgongo, tukakifunika kipara chote. Tukachimba mitaro, tukapanda mkonge kwenye kingo zake na miti katikati. Misimu miwili ya kwanza vitu vilinyauka. Wa tatu vikashika. Tukapanda sukuma wiki na nyanya, na watu waliokuwa wakitucheka wakaja kununua. Palikuwa pazuri, na siwezi kusema vingine. Ukisimama barabarani uliona kijani pale tu, mlima mwingine wote ukiwa mkavu.

Afisa wa kilimo, kijana mmoja aliyekuja kwa pikipiki, aliposikia habari zetu alizunguka shamba lile mara mbili. Alirudi juma lililofuata na kutuambia kulikuwa na mashindano ya vikundi vilivyofufua ardhi iliyoharibika, na kwamba alitaka kutuingiza. Majaji walikuja wakiwa wamevaa viatu vya mjini. Walipima upana wa mitaro, wakahesabu miti, wakatuuliza tunagawana vipi kazi. Mmoja alishika konzi ya udongo, akainusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwingine aliuliza tope lilienda wapi. Mama mkwe akamwonyesha lilikozikwa, chini ya miti iliyostawi kuliko yote, na jaji akamsifu kwa kuchagua mahali penye kivuli. Nilimuuliza afisa kama udongo hautapimwa. Akanijibu kwa upole kwamba vifaa vya kupima havikuwa karibu, na majaji walitazama kinachoonekana.

Tulishinda. Siku ya kutuzwa tulienda Machakos mjini tukiwa na leso za rangi moja. Uwanjani palikuwa na hema, vipaza sauti na viongozi. Msemaji alisema tumegeuza sumu kuwa bustani, na kwamba nchi ingekuwa na watu kama sisi, isingehitaji misaada. Mama mkwe alipoitwa apokee kikombe, alikipokea kwa mkono mmoja. Mwingine aliuficha ndani ya leso. Viganja vyake vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi, naye alivionea haya. Kiongozi mmoja alimshika ule mkono uliofichwa, akaufungua, akauinua juu watu wote wauone.

"Angalieni hii mikono," akasema kwenye kipaza sauti. "Hii ndiyo mikono ya kazi."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Mimi nilipiga pia, na machozi yalinitoka kwa furaha.

Kwa sababu ya ushindi ule, mfadhili alijitolea kujenga chekechea palepale, ili watoto wakue wakiona mfano mwema. Lilipandishwa bango kubwa la ushindi wetu barabarani. Kisima kilichimbwa upande wa chini, ambako maji yalikuwa karibu. Wageni walikuja kutoka sehemu nyingi, nasi tukawaimbia na kuwapikia mboga za pale. Mtoto wangu wa pili alianza masomo katika chekechea ile.

Vinundu vya mama mkwe vilienea hadi nyayoni. Ngozi ya kifua na mgongo ikatoka madoa meusi na meupe, kama ardhi iliyonyeshewa matone machache. Kisha kidonda kikatokea kiganjani ambacho hakikupona. Nilimpeleka hospitali mjini, na daktari alimuuliza maswali mengi kuhusu kazi alizowahi kufanya. Aliposikia habari ya josho, aliweka kalamu mezani. Alisema sumu ya dawa za zamani hukaa mwilini ikifanya kazi yake polepole, na kwamba tumechelewa.

Ni daktari huyo aliyetuma neno kwa ofisi ya maji. Mama mmoja wa makamo alikuja, akachota maji ya kisima kwenye chupa, akachukua udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaenda. Aliporudi alituomba tukutane. Tulikaa ndani ya chekechea, watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Alituambia tufunge kisima siku hiyohiyo, tusile tena kitu chochote kilichoota pale, na watoto wahamishwe. Mvua ilikuwa imeteremsha sumu kutoka tulikoizika mpaka majini. Udongo wa juu tuliouleta nao ulikuwa umeshaingiwa.

Mama mkwe alikuwa ameletwa akiwa ameshikwa mkono huku na huku. Wengine waliuliza mambo ya watoto. Mwishowe yeye akasema, "Tulikosea wapi?"

"Hamkukosea, mama," yule mama wa ofisi ya maji akamjibu. "Hii kazi mlifanya vizuri kuliko watu wote nimeona. Lakini hii kitu haitoki na jembe."

"Inatoka na nini?"

Mama wa ofisi ya maji alieleza kwamba udongo wote ungefaa kuchimbwa na kubebwa kwa malori hadi mahali palipotengenezwa kuufungia. Mahali penyewe yeye hakupajua. Angeandika ripoti, alisema, na sote tukaitikia kama kanisani.

Malori hayakuja. Mama mkwe alifariki kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, mkono umekatwa na kidonda kimehamia kwingine. Kwenye mazishi walisoma habari za ushindi wake, na hakuna aliyezungumzia kingine. Mume wangu alinizuia nisiseme. Alitaka mama yake azikwe kwa heshima. Watoto walihamishiwa kanisani. Sijui waliokunywa yale maji watakuwa na nini miilini, na nimeacha kuwatazama viganja watoto wangu wanapolala, maana hata nikiona, nitafanya nini?

Bango halikung'olewa. Kwa hiyo wageni waliendelea kuja, na siku moja nikaalikwa Matuu na kikundi cha akina mama waliokuwa na josho kama letu. Nilikwenda nikiwa na nia moja tu. Niliwaeleza yote: mtamba, tope, vinundu, kisima, kaburi. Walinisikiliza kwa adabu, wengine wakafuta macho. Nilipomaliza, mwenyekiti wao alinishukuru.

"Tumesikia, mama," akasema. "Lakini hiyo ndiyo shamba tuko nayo. Kwingine hakuna mtu atatupea."

Nilirudia kwamba wasishuke ndani ya shimo. Akaniambia walishashuka, walimaliza mwezi uliopita. Kisha akaniuliza, sauti ikiwa chini kidogo, "Na wale majaji, wanaangaliaga nini zaidi?"

Nilimwambia wanaangalia mitaro. Akanishika mkono akanipeleka nikaone yao. Ilikuwa imenyooka, na kingo zake zilikuwa zimeshapandwa mkonge.