Jibu la Saa Sita

Leo shangazi amenizaba kofi mbele ya soko zima, na nilistahili.

Juzi nilipima maabara, kazini kwangu, maji anayooshea mchicha wake wa kuuza kule Bigwa. Nikaona bakteria wa kipindupindu. Nikaripoti palepale bila kusubiri kipimo cha pili, mjuaji mimi!

Leo asubuhi bwana afya kaja sokoni na mgambo. Wamepiga mabeseni mateke, wamekanyaga mchicha, wamemburuta shangazi mpaka mdomo ukapasuka.

Saa sita jibu la pili likatoka: bakteria wale hawana jeni ya kutengeneza sumu. Bila jeni hiyo, hawaleti kipindupindu.

Nikakimbia sokoni.

"Shikamoo shangazi. Maji yako hayana kipindupindu."

Kofi!

"Ungesubiri mpaka saa sita, ungekufa?"

Nyie mngejibu nini? Mimi niliinama, nikaanza kuokota mchicha.