Cheni ya Baba Mkwe

Mwanamume kuishi ukweni, jamani, acheni tu. Unaamka unashukuru, unakula unashukuru, unakwenda kulala unashukuru tena. Egidi, mwendesha bodaboda mzaliwa wa milimani Mbinga, alikuwa anashukuru hivyo tangu amwoe Violet wa Kihagara, huku ziwani, na kuhamia kwao. Baba mkwe wake, Mzee Zabron, mvuvi aliyekwisha kustaafu, hakuwahi kumkaripia. Laiti angemkaripia! Mtu anayekukaripia unagombana naye, unafunga virago, unaondoka. Mzee alimpenda, na mapenzi yale yalimkaba Egidi koo.

Sasa mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Baba yake mdogo, Protasi, alituma habari kwamba ukoo unakutana kugawa shamba la kahawa la marehemu baba yake. Fungu la Egidi lipo, ila sharti arudi kuishi nyumbani na kulilima mwenyewe. Violet alikubali kuhama. Kumwambia mzee ndiko kulikowashinda wote wawili; yeye alijua habari ya kikao tu.

Kwa safari ya kwenda kikaoni Egidi alinunua seti nzima ya pikipiki yake: cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoivuta, ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Za zamani meno yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno, na ukifunga cheni mpya juu ya meno kama hayo inatafunwa upesi. Akaitia seti kwenye begi, aifunge asubuhi kabla ya kuondoka.

Asubuhi akamkuta mzee amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono myeusi tii.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone! Nimekununulia cheni mpya, na nimeifunga mwenyewe."

Mungu wangu. Ameifunga juu ya sproketi zile zile zilizokwisha. Tena ameikaza kama kamba ya wavu wakati wa kuvuta. Egidi akaibonyeza kwa kidole, haikucheza hata kidogo, wakati cheni inatakiwa icheze kama upana wa vidole viwili, maana mkishakaa juu ya pikipiki inazidi kuvutika. Juu yake mzee amemimina oili chafu mpaka inachuruzika, na mchanga wa ziwani umekwisha kunata.

"Unaionaje?"

Egidi akatazama chini. Ukweni humwambii mzee amekosea, wala hufungui mbele ya macho yake kitu alichokufungia kwa mikono yake.

"Nashukuru sana, Baba." Moyoni alijisemea kwamba akishapita kona ya kwanza atasimama abadilishe.

"Haya, twende," mzee akasema akivaa koti. "Utakwendaje kwenye kikao cha ukoo bila mzazi?" Akapanda nyuma.

Loo! Mtu na mkwe wake, ambao kwa adabu hata mkeka mmoja hawakalii, wakabanana kwenye siti moja. Cheni ikaanza kulalamika kwenye mchanga, kra, kra, kra, mpaka Mbamba Bay. Kwenye lami mzee akasimulia habari za uvuvi wa zamani, Egidi akiitikia "eeh, Baba" bila kusikia neno, masikio yote yako kwenye cheni. Aseme? Aanzie wapi? Shati lilimlowa jasho, na hapo kulikuwa na baridi ya asubuhi.

Mlimani, kwenye kona kali, cheni ikakatika ka! Pikipiki ikaanza kurudi nyuma, Egidi akaibana breki. Mzee akashuka, akaenda kuokota cheni yake barabarani, akarudi nayo kichwa kimeinama. Egidi hakuwa na njia nyingine. Akafungua begi.

Mzee akaiona seti. "Hii ulikuwa nayo tangu nyumbani?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ukasafiri na yangu, usije ukaniaibisha."

Egidi akachukua spana. Akafungua gurudumu, akabadilisha sproketi zote mbili, akavisha cheni, akaiacha icheze vidole viwili, akapaka oili kidogo na kufuta iliyozidi. Muda wote huo alikuwa akijiapiza: leo nasema, mbele ya wazee wa ukoo nasema.

Kikaoni, Protasi akauliza waziwazi, "Egidi, unarudi nyumbani au hurudi?"

Kabla hajafungua kinywa, Mzee Zabron akasimama, na mgeni akapewa nafasi. Akasimulia habari ya cheni mwanzo mpaka mwisho, bila kujificha. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Mimi Mungu hakunipa mtoto wa kiume," mzee akasema. "Leo njiani nimemwona. Huyu hawezi kuniacha." Akamgeukia. "Au nasema uongo, mwanangu?"

Macho yote yakamwelekea Egidi. Alilitaka lile shamba mpaka kifua kikamuuma. Akatazama chini.

"Ni kweli, Baba."

Fungu lake la kahawa akapewa binamu yake, Joakim.

Jioni wakateremka kurudi ziwani. Cheni ilikuwa imetulia, haitoi hata mlio. Mzee alikuwa amemshika mkwewe kiuno kwa mikono miwili, ametulia kabisa.

"Kitu kizuri hiki," akasema. "Kitadumu miaka mingapi, mwanangu?"

"Kikitunzwa, Baba," Egidi akasema, "ni mingi."