Kinu Kitupu cha Shangazi

Kinu chenye mpunga kina sauti nzito, iliyofifia. Kinu kitupu hulia kavu, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi akijua mwenyeji yumo ndani. Sauti hiyo ya pili naisikia mpaka leo, alasiri, nikiwa nimejinyoosha kitandani hapa Mbwawa. Wanangu wananiambia hakuna anayetwanga, kwamba hata kinu chenyewe hatuna siku hizi. Nawaambia najua. Halafu nashika mwimo wa mlango, nasimama, nachuchumaa, nasimama tena, na wao wanatazamana. Watazamane tu. Miguu ni yangu.

Nilivunja ungo Marui, upande wa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Ruvu akihangaikia kodi ya kichwa, kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa Bibi, mama yake. Nikawekwa ndani kama desturi yetu ilivyotaka. Mwali hatoki, hapazi sauti, hashiki kazi. Anakula, analala, anafundwa, mpaka siku ya kutolewa, achezewe ngoma na watu waone kwamba nyumba ile inajua kulea.

Haukupita muda mrefu mapaja yangu yakaanza kujaa. Bibi akafurahi sana. "Mwali amekikubali chakula," alisema, akaniongezea wali wa nazi. Wanawake waliokuja kunitazama walinibinya mapaja na kupiga vigelegele, nami niliuma meno, maana kila waliponibinya niliumia kama nimebinywa jipu, na kesho yake palibaki doa jeusi. Kiuno kilikuwa kilekile, mikono ni ya mtoto, lakini miguu iliendelea. Unene ule uliishia kwenye vifundo, ghafla, kama mfuko uliofungwa kamba mdomoni, na chini yake zikabaki nyayo zangu ndogo za siku zote. Vigelegele vikapungua. Badala yake nikasikia wakinong'ona uani: matende.

Ambaye hakushangaa ni Shangazi, dada yake baba. Alikuwa mjane, akiishi nasi, na miguu yake ilikuwa kama yangu. Watu walimwona mnene wakamhesabu mvivu, ingawa katika shughuli za kijiji kile wali mwingi walioula, mpunga wake aliutwanga yeye.

Chumba changu hakikuwa na dirisha. Siku moja nilipokuwa nikipapasa sakafu kutafuta kitana, mkono wangu ukaingia kwenye kijifereji. Kwingine kote udongo ulikuwa na mikwaruzo, lakini pale ulikuwa laini, umelika kidogo, kutoka kitandani moja kwa moja mpaka mlangoni. Nilipomuuliza Bibi alisema ni panya. Mimi sijaona panya wa upana ule. Kesho yake alikuja mwenyewe na udongo mbichi, akapasiriba. Ulipokauka ukatitia, na kijifereji kikarudi.

Baada ya hapo nikaanza kusikia mkeka ukiburuzwa. Ilikuwa mchana kweupe, watu wako shamba, nyumba imetulia. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Sauti ilitoka kitandani kwangu ikaenda mlangoni, chinichini, na ilipofika mlangoni haikutoka. Nilikaa nimekumbatia magoti mpaka watu waliporudi. Niliogopa vibaya sana.

"Shangazi," nilimwambia aliponiletea chakula, "humu ndani kuna mtu."

Akaweka sahani chini. "Anaburuza mkeka?"

"Ndiyo."

Nilitaka aniambie nimeota. Hakuniambia hivyo. "Ni mdogo wangu," alisema. "Naye alikuwa mwali wa chumba hiki."

Akanisimulia kwa sauti ya chini. Mdogo wake aliingia ndani akaota miguu hii hii. Bibi alikuwa na fahari naye, akataka nchi nzima ije imwone, kwa hiyo alimkalisha muda mrefu kupita wenzake, hanyanyuki, analishwa kitandani. Siku ya kumtoa alibebwa mabegani vizuri, akashushwa katikati ya uwanja, ngoma ikalia, na magoti yakakunjika. Watu wakacheka, wakidhani mwali anaringa. Wapigaji wakabadilisha mdundo. Hakunyanyuka. Akarudishwa humu, na humu akakaa kwenye mkeka mpaka kifo chake, akijiburuza kwenda mlangoni kutazama wenzake wakipita.

"Na wewe mbona unatembea?"

"Mwaka wangu ulikuwa wa njaa. Nani angekaa na mtu wa kulishwa ndani? Nilitolewa haraka, nikapewa jembe." Akanishika kifundo kwa upole, yeye peke yake alijua kunishika bila kuniumiza. "Miguu hii haipungui, mwanangu. Hata ukishinda na njaa, utakonda uso na miguu itabaki. Lakini ndani ya nyama hii mna nguvu, na nguvu ukiilaza inakufa. Mimi sitaki kukuona kwenye mkeka."

Nami sikutaka. Tangu siku ile sikuwaza mume wala ngoma wala khanga mpya. Niliwaza jambo moja tu, kama siku ya kushushwa uwanjani nitasimama.

Hakuweza kukaa nami kutwa, na mimi sikuruhusiwa kutoka. Basi akakisogeza kinu mpaka kwenye ukuta wa chumba changu. Tukapatana: mchi ukigonga, nishike nguzo ninyanyuke, ukinyamaza, nishuke. Siku ya kwanza mapaja yalitetemeka nikaanguka ndani ya kile kijifereji, na nilipokuwa pale chini nilihisi wazi kwamba kuna anayenitazama, macho yake yako sawa na yangu. Nikainuka haraka kuliko nilivyodhani naweza.

Mpunga wa nyumba moja hauchukui muda kutwanga. Ulipokwisha, Shangazi aliendelea. Ko. Ko. Jirani mmoja akamuuliza juu ya ua, "Mwenzetu, leo unatwanga upepo?"

"Natwanga maneno yenu," akajibu, "lakini hayalainiki."

Kwetu kutwanga kinu kitupu ni mkosi. Siku ambayo Bibi aliwahi kurudi kutoka shamba, nilisikia kishindo cha mchi ukinyakuliwa.

"Unataka kutuitia njaa? Unamwita nani na kinu kitupu?"

"Namwita mwali asimame, mama."

"Mwali hashiki kazi!"

"Na yule mwingine hakushika kazi, mama. Umemsahau?"

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, magoti nusu, sijui nipande au nishuke. Nikasikia nyayo za Bibi zikienda jikoni, kisha zikirudi, kisha kitu kikimiminwa.

"Tia pumba hizi," Bibi alisema. "Kisilie kitupu."

Sauti ya kinu ikapoa kidogo. Tangu siku ile Bibi hakutaja panya tena, na hakupasiriba pale.

Siku ya kutolewa ilifika. Kumbeba mwali mabegani ni kazi ya mwenye nguvu, na wanawake walianza kuulizana kwa macho nani ataniweza. Shangazi akapiga goti mbele yangu. "Panda." Nikapanda, naye akanyanyuka nami, polepole, bila kushika kitu. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Akanizungusha kwa wapiga ngoma, akanifikisha katikati, akanishusha.

Vijana walishangilia. Watu wazima walinyamaza, kwa sababu walikumbuka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, na hakunitazama usoni, alitazama magoti yangu. Yalikuwa yakitetemeka. Na chini ya mlio wa ngoma, kutoka kwenye mlango ule ulio wazi nyuma ya Bibi, nikasikia kwaruu. Kwaruu. Nilitamani kukaa. Nilitamani kabisa, kama mtoto anayevutwa upindo wa nguo na mwenzake wa kucheza naye. Shangazi akakanyaga ardhi kwa kisigino, mara moja.

Nikasimama. Nilicheza vibaya, kama bata, lakini nilicheza nimesimama mpaka ngoma ikanyamaza. Bibi alikuwa ameshaingia ndani, na tulipomfuata tulimkuta ameketi kwenye kile kijifereji analia.

Nikaolewa huku Mbwawa. Nililima, nilizaa, nilipanda mlima na mtungi kichwani, na miguu haikupungua hata kidogo. Mume wangu mwanzoni aliona haya nipitapo mbele ya watu. Baadaye aliona mzigo wa kuni nilioubeba, haya yakaisha. Bibi alipofariki nikamchukua Shangazi aje kukaa nami, na kinu chake akaja nacho.

Aliugua homa ndefu iliyomlaza. Nilimwinua kila siku, akasimama kidogo, akalala. Kisha siku zikawa zinapita bila yeye kusimama. Alasiri moja aliniita.

"Amekuja," alisema.

Sikumuuliza nani. Nilisikia mwenyewe, mlangoni pa nyumba yangu, mahali ambapo hajawahi kufika: kwaruu.

"Asinikute chini," akasema Shangazi. "Nenda nje ukatwange."

"Mpunga umekwisha, Shangazi."

"Tangu lini mimi na wewe tukahitaji mpunga?"

Nikatoka. Nikakisogeza kinu kwenye ukuta, na sikutia hata pumba. Ko. Kitanda cha kamba kikalia ndani. Ko. Kikalia tena. Machozi yalikuwa yakinitiririka lakini sikuuacha mchi, nilisema moyoni, nyanyuka, mama yangu, nyanyuka. Nilitwanga mpaka nikagundua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia kinu peke yake. Mkeka nao ulikuwa umenyamaza.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeegemea nguzo, mkono umeishika. Nyayo zake ndogo zote mbili zilikuwa zimekanyaga sakafu, na vidole vimejikita kwenye udongo kama vya mtu aliyekwishaanza kuinuka.

Jirani aliingia, akapiga ukemi wa msiba, akasema atawaita wanaume waje wamlaze, maana kwa uzito ule wanawake hatumwezi. Nikamwambia asimwite mtu. Nikachuchumaa mbele ya Shangazi, nikapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja yale, nikasimama naye.